Nani Atoke Tumboni mwa Zimwi? Mbinu za Kupata Waigizaji Wasaidizi wa Filamu ya Ngano

Steringi umeshampata. Ulimpata hata kabla skripti haijaisha, na nadhani ndiye aliyekufanya uiandike. Sawa. Sasa muweke pembeni, maana kazi yenyewe inaanza hapa: nani atakuwa bibi anayejua siri, nani mlinzi wa mto, nani mjomba mwoga, nani atavaa ngozi ya igisizimwe, zimwi letu, na kina nani watatoka tumboni mwake siku litakapopasuliwa.

Ngano hiyo unaijua. Hapa Cibitoke kila mtu anayo ya kwao, kama alivyoisikia kwa bibi yake: dude linameza watu, ng'ombe na mbuzi, kijiji kinabaki kitupu, anasalia mtoto mmoja. Mtoto analiua, tumbo linapasuliwa, watu wanatoka wazima. Pwani nao wana Nunda, paka mla watu wa hadithi ya Sultani Majinuni, aliyeingia katika kitabu cha Edward Steere mwaka 1870. Nitatumia hiyo ya tumbo kama mfano. Wewe weka ya kwako mahali pake. Na nikisema Cibitoke, nasema katiye yetu ya Bujumbura, jirani ya Kamenge, Mutakura na Ngagara, si ile ya kule mpakani.

Shika neno moja kabla hujamwita mtu yeyote. Mtazamaji haogopi zimwi. Anaogopa pamoja na mtu anayeliona. Hela ya kutengeneza zimwi la kutisha huna. Utakuwa na magunia, nyasi kavu, moshi wa majani mabichi na sauti. Watu wataliamini kwa sababu mama muuza ndagala ameliamini. Basi msaidizi humchagui kwa sura. Unamchagua kwa jinsi anavyokiona kitu ambacho hakipo.

Mpime kwa Gustave

Usaili wangu una zoezi moja. Mwite mtu peke yake. Msimamishe mbele ya ukuta mtupu. Mwambie: uko kando ya Rusizi, unafua nguo, Gustave anatoka majini. Usimwambie "ogopa". Mwambie "mwangalie".

Hakuna haja ya kumweleza Gustave ni nani. Mji mzima unamjua mamba huyo, anayekadiriwa kufika mita 6, aliyepewa jina na Patrice Faye, Mfaransa aliyehangaika miaka kumtega asimpate. Wamarekani walimfanyia filamu, Primeval, mwaka 2007. Waliishuti Afrika Kusini, mamba akatoka kwenye kompyuta. Wewe huna hata mamba wa plastiki, na ndiyo raha ya zoezi hili.

Sasa angalia macho. Asiyejua atayatumbua, atashika kifua, atapiga ukelele. Huyo anaigiza woga. Anayejua atafanya jambo dogo. Ataanza kukusanya nguo. Macho yatamfuata mnyama kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo mmoja, bila kurukaruka, na utajua mamba ana urefu gani kwa kumtazama yeye tu. Huyo mchukue.

Siku moja alikuja mzee mmoja, fundi wa baiskeli, vidole vyeusi kwa grisi. Alikuwa amemsindikiza mjukuu wake. Mjukuu alipiga makelele vizuri sana, tukampigia makofi. Nikamwambia babu, kwa utani tu, na wewe jaribu. Akasimama. Akautazama ukuta. Kisha akavua kofia polepole, akaishika kifuani, akasogea hatua moja nyuma. Chumba kikanyamaza. Nikamuuliza, mzee, mbona kofia? Akajibu: "Huyu ndiye mkubwa wa mto. Anaamkiwa kwanza." Mlinzi wa mto nilikuwa nimemtafuta wiki mbili.

Ukimaliza mara ya kwanza, badilisha. Mwambie mtu huyohuyo: Gustave anatoka majini, lakini safari hii ni ndugu yako aliyelogwa. Hapa hupimi kipaji, unapima usikivu. Akirudia kilekile, hata kiwe kizuri vipi, atakutesa siku ya kazi. Akibadilika hata kidogo, mnaweza kufanya naye kazi.

Rekodi yote kwa simu. Dakika 4 kwa kila mtu zinatosha. Usiku, umeme ukiwepo, zitazame bila sauti. Wengi waliokufurahisha kwa maneno watapotea. Wawili watatu ambao hukuwatilia maanani watabaki.

Mpe kila mmoja kazi moja

Hatua hii wengi wanairuka. Kabla ya usaili, andika kila mhusika mdogo kwenye kipande chake cha karatasi. Chini ya jina andika kazi yake kwa maneno matatu au manne. Bibi: anatoa siri. Mlinzi wa mto: anaogopesha mapema. Mjomba: anakimbia kwanza. Karatasi ikibaki tupu, mhusika huyo hana kazi. Mfute, au muunganishe na mwingine.

Ngano inapenda saba: ndugu saba, milango saba, mito saba. Hela yako inapenda wawili. Mdomoni ndugu saba ni rahisi, neno moja tu. Kwenye filamu ni vijana saba wa kulisha, kuvalisha na kusubiri. Chagua mwoga na mbishi, wengine watano waache kwenye sauti ya bibi anayesimulia.

Wala usifungwe na maelezo ya sura. Kama hadithi inasema mlinzi ni mrefu mwembamba, jiulize anafanya nini, urefu uachie huko. Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, alicheza Laurent katika Twilight ya mwaka 2008. Kwenye kitabu, Laurent hakuandikwa kuwa mtu mweusi. Kazi yake ilikuwa kuingia kwa upole huku ukihisi hatari nyuma ya upole huo. Hilo alilifanya.

Nenda walipo

Ukibandika tangazo "tunatafuta waigizaji" utapata vijana 60 wenye miwani ya jua, wote wanataka kuwa steringi. Hutapata bibi hata mmoja. Wasaidizi wazuri hawajui kwamba wanatafutwa. Inuka uende.

Anza na wanaotumia mdomo kwa riziki. Mama anayeuza ndagala sokoni anaigiza toka asubuhi: anashangaa bei yako, anaumia, anakusamehe. Kijana anayeita abiria kwenye basi ana sauti inayovuka barabara. Nenda uwanjani mtaani siku ya mechi, usitazame mpira, msikilize anayetangaza kwa kipaza sauti kibovu. Mimi nilimpata mpiga mbiu wa mfalme pale.

Kisha wafuate wanaojua kunyamaza. Hawa ni adimu. Wazee wanaocheza igisoro, bao letu: mmoja anafikiria, wengine wanatazama mikono yake, nyuso hazisemi kitu. Waimbaji wa kwaya wa safu ya nyuma, wamezoea kusimama muda mrefu na kumtazama mtu mmoja. Ukihitaji baraza la wazee, usisaili mmoja mmoja. Lichukue baraza zima kutoka kwenye igisoro, na ubao wao.

Centre Jeunes Kamenge iko karibu, na vijana wa makatiye ya kaskazini wanakutana huko kwa michezo, ngoma na maigizo. Ukienda, usiombe waigizaji. Omba kukaa nyuma wanapofanya mazoezi. Anayemsaidia mwenzake aliyesahau maneno, bila kujionyesha, andika jina lake.

Wanamuziki na washairi wasikupite. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021, ndiyo filamu ya ajabu iliyo karibu nasi zaidi: hadithi yake iko Burundi, ilishutiwa Rwanda, na waigizaji wake ni Warundi na Wanyarwanda, wengi wao watu wa muziki na mashairi. Kaya Free wetu, mtu wa slam, alibeba nafasi kubwa humo. Zanzibar nako, Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'Kuvute, kuwa filamu, Mwajuma alimpa Siti Amina, mwimbaji. Mwimbaji anajua kupumua, anajua kungoja zamu yake. Nusu ya uigizaji msaidizi ni kungoja zamu.

Tahadhari moja: mchekeshaji maarufu wa mtaani. Watu watakuambia umchukue, "ataleta watu". Ataleta, ni kweli. Na kila akionekana watacheka kabla hajasema kitu, hata pale mtoto anapomezwa. Mpe onyesho moja la mwanzoni, kisha zimwi limmeze mapema. Atafurahi, maana ndilo watakalolisimulia.

Zimwi ni watu wawili

Usitafute mtu mmoja wa kuwa zimwi. Tafuta mwili, halafu tafuta sauti.

Mwili: kijana anayecheza dansi au mpira, mwenye pumzi. Urefu si hoja, kamera ikiwekwa chini kila mtu ni mrefu. Hoja ni joto. Ndani ya magunia na nyasi, mchana wa Bujumbura, mtu anachemka. Mvalishe kitu kizito siku ya usaili, mwambie atembee kama ng'ombe aliyechoka, kisha kama paka. Mpe mapumziko kila dakika 10, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni maji tu. Akikuambia haoni vizuri mule ndani, toboa tundu zaidi, usimwambie avumilie.

Kuna mtu wa Afrika Mashariki yetu ambaye kazi hii ilimpeleka mbali. Kiran Shah alizaliwa Nairobi mwaka 1956. Ana urefu wa kama sentimita 126. Katika The Lord of the Rings alikuwa mwili wa Frodo mara nyingi ilipobidi Frodo aonekane mdogo kando ya watu wakubwa. Uso ni wa Elijah Wood, mgongo na hatua ni vya Kiran Shah. Kuiga hatua za mtu mwingine mpaka mtazamaji asijue ni ufundi, na watu wenye ufundi huo wapo hapa, ni wale wanaomwigiza mwalimu akiwa hayupo. Neptune Frost nayo ilimpa Neptune waigizaji wawili, Elvis Ngabo na Cheryl Isheja, na hadithi haikuvunjika.

Sauti: hapa usiende kwa wenye sauti nzito. Kila filamu ya zimwi ina jitu linalonguruma, na kwenye spika za simu mngurumo unasikika kama basi bovu. Mtafute mzee anayepiga inanga. Inanga ya kwetu huimbwa kwa kunong'ona, maneno yanapita chini ya nyuzi. Zimwi linalonong'ona litakutia baridi. Kama humpati, watafute waigizaji wa redio. Mji huu umelelewa na redio: kuanzia mwaka 1997, Umubanyi niwe muryango, mchezo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kwa Studio Ijambo, uliwafanya watu wawajue majirani ambao hawakuwahi kuwaona kwa macho. Mtu wa redio anaweza kukupa zimwi zima akiwa amekaa kitini. Mrekodi baadaye, ndani, chini ya blanketi, usiku magari yakitulia. Hata Lupita Nyong'o, katika The Jungle Book ya mwaka 2016, ni sauti tu ya mbwa mwitu Raksha, na hakuna anayelalamika kwamba hakumwona.

Lugha je? Mwache kila mtu aseme anavyosema nyumbani. Bibi Kirundi, wachuuzi Kiswahili, karani wa mfalme Kifaransa chake cha kujidai. Ila usifanye kosa lile la zamani la kuwapa wema Kirundi na mwizi Kiswahili. Tumelisikia vya kutosha, sisi tunaoongea Kiswahili mji huu. Zimwi liongee lugha ya yule linayetaka kumla. Hiyo inatisha zaidi.

Nani asipewe nafasi gani

Sasa nitakuwa mkali kidogo.

Usimpe mtu mwenye ualbino nafasi ya mzimu, jini au mtu wa bahati. Najua picha itapendeza. Lakini Burundi na Tanzania watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya uongo huohuo kwamba si watu wa kawaida. Mpe nafasi ya mjomba, ya mwalimu, ya mfanyabiashara mchoyo. Usiwageuze Batwa kuwa viumbe wa msituni. Na mtu mfupi mpe maneno ya kusema kabla hujampa mavazi ya kuchekesha.

Usigawe wema na ubaya kwa pua na kimo. Nchi hii inajua mchezo huo unaishia wapi. Tazama Na Wewe, filamu fupi ya Ivan Goldschmidt ya mwaka 2010, iliyofika kwenye orodha ya Oscar: basi dogo linasimamishwa njiani mwaka 1994 na abiria wanaamriwa kujitenga, huku na huku, na kumtenganisha mtu na mwenzake kunakuwa kichekesho kichungu. Katiye yetu yenyewe iliwahi kugawanywa hivyo. Kwa hiyo ukishapata kundi la wabaya, wapange mstari, watazame. Kama wanafanana kwa namna ambayo mtazamaji wa Bujumbura ataisoma kwa sekunde moja, changanya upya.

Na mchawi. Hii ndiyo inayosahaulika. Bibi ukimpa nafasi ya mchawi, jioni anarudi avenyu yake akiwa yuleyule. Watoto watamwita jina la filamu. Mwaka ujao mtoto wa jirani akiugua, kuna mtu atakumbuka. Watu wameuawa nchini humu kwa tuhuma hizo. Nafasi ya mchawi mpe kijana, mzeeshe kwa majivu na kilemba, au mchukue mtu anayekaa mbali, aje acheze, arudi kwao.

Ngoma pia zina sheria yake. Amri ya Oktoba 2017 inakataza wanawake kuzipiga ngoma zetu za kifalme, na kundi lolote linahitaji kibali cha wizara ya utamaduni kabla ya onyesho. Kama skripti ina malkia anayepiga ngoma, utapata shida kabla hujapata malkia. Mpe ikembe.

Wanaotoka tumboni

Umati ndio unaofanya ngano iwe ngano, na ndio unaochosha. Kwa tumbo la zimwi sihitaji zaidi ya watu 14. Hao 14 wakizunguka nyuma ya kitambaa na kutoka tena wamebadilisha vilemba, wanakuwa kijiji.

Katika hao, chagua nyuso tatu tu za kuonekana karibu. Wa kwanza kutoka awe mtu mzima sana, ili mtazamaji ajue amekaa humo muda mrefu. Wa pili awe mtoto aliyezoea kubebwa. Wa tatu awe yule mchekeshaji wako, lakini safari hii hasemi kitu. Wengine wote watafute kwa kutembea. Mtu anayetoka gizani anajifunika macho, anagusa mkono wake mwenyewe, anamtafuta mtu. Mwambie kila mmoja jina la anayemtafuta. Asilitamke. Alitafute tu.

Siri ndogo ya namna hiyo inafanya kazi hata kwa wakubwa. Alan Rickman alipoanza kumcheza Snape katika Harry Potter, J. K. Rowling alimnong'oneza jambo kuhusu mhusika huyo ambalo wasomaji hawakuwa wamelijua bado. Alicheza nalo miaka 10. Wako anahitaji la siku mbili.

Onyesho la kukimbia linahitaji maandalizi kuliko mavazi. Nakuambia kwa sababu nilikosea. Tulitaka kijiji kinachokimbia zimwi. Tukawaambia watu 20 wakimbie kwenye avenyu, saa kumi na mbili jioni, wakipiga kelele. Kamera ilikuwa imefichwa kwenye dirisha, tulidhani huo ni ujanja. Walipotokea, mama mmoja kwenye kona akafunga duka lake kwa mkono mmoja na kumvuta mtoto kwa mkono mwingine. Mlango wa pili ukafungwa, wa tatu, mpaka mwisho wa avenyu. Haikuchukua hata dakika. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Picha ilikuwa nzuri sana, na tuliifuta. Kwa wale akina mama haikuwa filamu.

Basi: waone mkuu wa katiye na nyumbakumi siku tatu kabla, na karatasi ya kibali mfukoni. Pita nyumba kwa nyumba asubuhi ya siku yenyewe. Shuti mchana. Weka kamera mahali inapoonekana. Walinzi wa mfalme wape mikuki, fimbo na ngao. Bunduki ya mbao usiilete barabarani, wala sare inayofanana na ya askari. Fataki usizifikirie. Na waite wale wenye maduka wawe ndani ya umati. Anayekimbia naye hataogopa kukimbia kwa wenzake.

Ratiba, sahani na jina

Panga usaili Jumamosi baada ya kazi za jumuiya, si kabla. Jumapili baada ya kanisa. Usiwaite watu mjini kati: pikipiki na baiskeli za abiria zilizuiwa kuingia huko Machi 2022, na mafuta yakikosekana hata basi ni bahati. Mtu anayefika kwa miguu atafika kesho tena. Kwa sababu hiyo, kati ya wawili wanaolingana, mimi namchukua anayekaa karibu. Watoto na wanafunzi wasubiri Julai na Agosti: shule zimefungwa, mvua hakuna. Mzazi aweke saini, awepo, na alishwe.

Malipo yataje siku ya kwanza, hata yawe madogo. Anayevaa ngozi ya zimwi alipwe zaidi ya anayesimama, na kila mtu ajue kwa nini. Tuma kwa Lumicash jioni ileile. Chakula kiwe cha moto. Wali na maharage yenye ndagala vimeokoa filamu nyingi kuliko lenzi. Usimwahidi mtu Cannes. Mwambie FESTICAB, tamasha letu lililoanza mwaka 2009, kama utamaliza kwa wakati. Na jina lake liandike kwa herufi alizokupa yeye, mwishoni mwa filamu, bila kusahau aliyeleta maji.

Weka mbadala kwa wawili: bibi na zimwi. Richard Harris alifariki mwaka 2002 baada ya kumcheza Dumbledore wa Harry Potter mara mbili, na Michael Gambon akazichukua ndevu kuanzia filamu ya tatu. Wewe huna mwaka wa kutafuta. Zimwi limejifunika uso, hilo rahisi. Kwa bibi, msaili dada yake.

Kabla ya kufunga orodha, wakutanishe wawili wawili. Bibi na steringi wakae wachambue mchele dakika 20, uwaache. Wakimaliza bila kuongea, shida. Wakigombana kuhusu mawe kwenye mchele, umepata familia.

Halafu warudie uliowakataa. Hapa ni Cibitoke, utakutana nao kesho kwenye kabare, kwenye foleni ya maji, msibani. Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Mwambie mama yule kwamba nafasi ya bibi imepata mtu. Usimwambie "labda filamu ijayo" kama huna filamu ijayo. Muulize kama angependa kutoka tumboni. Yule wangu alifikiri kidogo, akauliza atakuwa wa ngapi. Nikasema wa kwanza. Akasema basi atakuja na kitenge chake mwenyewe, maana hivyo vyetu amekwisha kuviona.